Pacha wa Kwanza

"Kidole nakuonyesha, na ukileta mchezo nakuonyesha mkono mzima!" nilimwambia. "Maji ya gata la paa lako yameingia tena kwenye chumba changu cha kushonea. Gauni la watu la harusi limelowa mpaka kiunoni. Nimwambie nini bibi harusi? Kwamba jirani yangu ana paa ila hana haya?"

Mtaa ulikuwa umeshajaa. Ugomvi wa asubuhi baada ya mvua una wateja wake. Msusi wa ng'ambo ya njia alitoka na mteja wake kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, wakaegemea nguzo wasipitwe na neno.

Jirani yangu hakupandisha sauti. Yule mzee hapandishi sauti. Sote tunamwita Karani, kwa sababu alikaa miaka arobaini kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa, na hata baada ya kustaafu haoni ukuta mtupu asiuandikie tangazo. Alinijibu kwa ile sauti ya dirishani, ya kumwambia mtu arudi kesho.

"Binti, tulia. Hata hapo mlipo mmekaa kwa huruma ya wazee wangu. Bibi yako aliokotwa kando ya barabara, amefungwa shuka kama mzigo. Nani asiyejua? Mtu wa kuokotwa unagombania gata na wenye mtaa?"

Msusi alisema "Ah!" kama aliyekanyaga msumari.

Mimi matusi nayajua, nimelelewa nje, nimeuza vitumbua vya watu tangu najua kuhesabu, na siku hiyo nilikuwa nayo tayari ulimini. Lakini niligeuka nikamwona Mama. Alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni kwangu, ananifumulia pindo la suruali ya mteja. Aliweka wembe chini. Aliikunja suruali vizuri, kana kwamba inakwenda kabatini, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku saba Mama hakutokea barazani. Mama yangu! Mwanamke wa miaka sabini na minne anayemsalimia msoma mita mpaka msoma mita anasahau mita. Wateja wanakuja kwangu kwa ajili yake, nguo ni kisingizio. Siku ya saba nilimpelekea chakula cha mchana chumbani, akakisukuma.

"Nilikuwa na miaka sita mama yangu alipokufa," alisema. "Neno hilo nimeambiwa tangu shuleni. Nilidhani nitazeeka nitaliacha nyuma, kumbe linatembea kuliko mimi. Sikiliza. Sitaki kufa nikiwa mtoto wa mtu wa kuokotwa. Kama yupo aliyemzaa mama yangu, nitafutie. Kama hayupo, njoo uniambie hayupo, ninyamaze."

"Na Babu hakuwahi kukwambia kitu?"

"Babu yako?" Alicheka bila furaha. Babu alikuwa fundi viatu, mtu wa misumari mdomoni kutwa. Ukimuuliza habari za marehemu mkewe, anakuonyesha ile misumari, kwamba huoni siwezi kusema? Akaondoka duniani nayo, nadhani. Nilimkasirikia hata yeye, huko huko aliko.

Kitu pekee alichoacha kilikuwa cheti chake cha ndoa, kimekunjwa mara nane ndani ya kopo la vifungo. Nikakibandika kifuani ndani ya gauni, nikaenda ofisini.

Ofisi ya usajili ina madirisha mawili. Moja limeandikwa MAULIZO na halijafunguliwa tangu lilipopakwa rangi. Kwenye lingine kuna foleni, na meza ya mbao iliyochongwa na viwiko vya watu. Nilisimama huko mpaka miguu ikawa si yangu, ndipo nikafika mbele ya mama mmoja wa miwani mizito, ameifunga kwa kamba ya kiatu isianguke.

"Vitabu vya zamani hatuonyeshi," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Sawa, mama. Ila sketi yako imefumuka nyuma, na foleni nzima inaiona."

Alishika nyuma upesi. Mimi pini natembea nazo kama wengine wanavyotembea na hereni. Nikaingia upande wake wa meza bila kuombwa, nikamgeuza, nikambana sehemu tatu, nikamwambia aniletee jioni niishone bila neno. Tukacheka. Dakika kumi baadaye nilikuwa stoo, kati ya rafu za vitabu vikubwa kama milango, na Mama Miwani ananipangusia vumbi la kiti.

Kitabu cha ndoa alikipata kwa namba iliyokuwa kwenye cheti. Alisoma kwa kidole. "Bwana harusi, fundi viatu. Bibi harusi, huyu hapa, ndiye bibi yako. Baba wa bibi harusi..." Akasita. "Hakufika."

"Hakufika au hajulikani?"

Alinitazama juu ya miwani. "Swali zuri. Asiyejulikana huandikwa hajulikani. Wapo wengi humu. Hakufika maana yake aliitwa, akakataa kuja."

Bibi alikuwa na baba. Baba mwenye mlango wa kugongwa, mwenye miguu ya kukataa kuja.

"Na hapa pembeni," Mama Miwani aliendelea, "kizazi, kitabu cha saba, namba mia mbili na kumi na nne. Zamani hufungishwi ndoa mpaka waone umeandikwa kuzaliwa. Subiri."

Alikishusha kitabu cha saba kwa mikono miwili. Ulikuwa mwandiko mzuri, umelala upande mmoja kama nyasi za uwanjani. Mia mbili na kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tano.

"Kumi na nne yuko wapi?" niliuliza.

Aligeuza kurasa mbele, akarudi nyuma, akalamba kidole, akarudia tena. Kisha akavua miwani kabisa.

"Hiki si kitabu chenyewe, ni nakala," alisema polepole. "Mchwa walikula vile vya kwanza, vikanakiliwa upya kabla havijaisha. Na kunakili kuna sheria. Namba hubadilishi. Hata mstari ukiwa umeliwa wote, unaandika namba yake, mbele unaandika haisomeki. Hapa hakuna namba wala haisomeki. Mtu kaurukisha mstari."

"Mchwa wa miguu miwili."

"Ngoja, ngoja." Alivaa miwani tena. Kidole chake kilitambaa kwenye mstari wa mia mbili na kumi na tatu, kikapita jina, kikapita mama, kikapita baba, kikafika safu ya mwisho kabisa, ya maelezo. Mle mlikuwa na maneno matatu tu. *Pacha wa kwanza.*

Tulitazamana.

"Wale wa zamani walinakili kwa safu," alisema. "Majina yote kwanza mpaka chini, halafu akina mama, halafu akina baba. Maelezo mwisho. Ukifika kwenye maelezo umechoka, mkono unajiendea wenyewe. Huyu aliruka kila kitu cha pacha wa pili, akasahau kwamba wa kwanza ana la kusema."

Niliinama nisome huyo wa kwanza ni nani. Nikalisoma jina, nikalisoma tena. Lilikuwa jina la marehemu baba yake Karani. Yule mzee wa fimbo na kofia, aliyekuwa akipita mbele ya Mama kama anayepita mbele ya nguzo. Na chini ya ukurasa, pale panapoandikwa *imenakiliwa na*, ilikuwapo sahihi, lakini wala sikuihitaji. Mwandiko ule naujua. Kila siku unaniambia kwenye ukuta wa uchochoro wetu kwamba ni marufuku kukojoa hapa.

Nilicheka, kile kicheko kibaya. Mama Miwani akanishika mkono.

"Usiende kupigana. Nisikilize kwanza. Mstari uliorukwa unarudishwa kwa vitu viwili: daftari la wodi ya wazazi, na kiapo cha yule yule aliyenakili, kama yu hai. Kama amekufa, mpaka mahakamani, na huko mama yako, kwa umri wake..." Akageuka kutafuta karatasi kwenye rafu. "Je, yu hai?"

"Yu hai, na ananitiririshia maji."

Alinipa fomu ya kiapo. Karatasi moja tu, na chini yake nafasi ya sahihi ya mtu mmoja niliyetaka kumnyonga.

Wodi ya wazazi haikunisumbua. Mkunga mkuu nilimshonea sare zamani, akanifungulia chumba wanamotupia vitanda vya watoto vilivyovunjika, na madaftari yao yalikuwa humo, yamepangwa juu ya kabati la dawa, makavu. Wodini kila mtoto aliandikwa kabla ya kwenda kuandikwa ofisini, na mkunga wa siku hiyo alikuwa ameandika mistari miwili kisha akaiunganisha pembeni kwa kamba ya wino. Wa kiume, alfajiri. Wa kike, robo saa baadaye. Mama yao fulani, baba yao fulani, nyumba yao ile ile iliyopakana na yetu. Mwishoni mkunga aliongeza, nadhani kwa furaha yake tu: *Wote watatu wazima.*

Mkunga mkuu akanitolea nakala ya ukurasa ule. Sikulia. Hasira ilikuwa imenizidi machozi. Bibi yangu alilala tumbo moja na baba yake Karani. Maana yake ni shangazi yake Karani! Shangazi mtu, dada wa baba, ambaye ukimwona unasimama. Na huyu bwana alichukua kalamu ya serikali akamfuta shangazi yake, kisha akasimama juu ya maji yake machafu akawaambia binti na mjukuu wa shangazi yake kwamba ni watu wa kuokotwa.

Msusi ndiye niliyemwambia kwanza, kwa sababu kama nisingemwambia mtu ningepasuka. Alinisikiliza na kitana mdomoni, mteja naye akisikiliza kuliko yeye.

"Shoga, sahihi yake unaitaka au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi tia asali. Nenda na heshima zako, mwite baba. Ukianza na mangumi atajifungia ndani, na mama yako ndiye atakayekosa."

Nikajua anasema kweli. Nikanawa uso, nikajifunga upya, nikavuka zile hatua sita mpaka barazani kwa Karani. Alikuwa amekaa na ubao mapajani, anaandika tangazo jipya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja kuomba radhi?"

Asali ikaishia hapo.

"Radhi?" Nadhani walinisikia mpaka sokoni. "Wewe ndiwe wa kuombwa radhi? Mia mbili na kumi na nne yuko wapi? Nakuuliza, karani mzima, mwandishi wa matangazo, mlinzi wa kuta! Kitabu cha saba! Mia mbili na kumi na tatu, baba yako, pacha wa kwanza. Pacha wa kwanza wa nani? Alizaliwa pacha na kivuli chake?"

Kalamu ilimtoka mkononi. Milango ikaanza kufunguka, mmoja mmoja, na msusi akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Punguza sauti, mwanangu."

"Sasa mimi ni mwanao! Wiki iliyopita nilikuwa wa kuokotwa, leo ni mwanao!" Nikamwekea nakala ya daftari la wodi juu ya ubao wake. "Soma. Si ndiyo kazi yako? Soma kwa sauti, maana lile la kuokotwa ulilisema kwa sauti."

Aliisoma kimya. Ilimchukua muda mrefu kwa mistari miwili. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee kweli.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Ndiyo kwanza nimeajiriwa. Baba alisikia vitabu vinanakiliwa, akaja ofisini, akasimama nyuma ya kiti changu. Babu alishaapa kwamba hana binti, tangu shangazi alipokwenda kuolewa na fundi viatu. Baba akataka na vitabu viseme hivyo hivyo."

"Na wewe mkono wako ulikuwa wa baba yako?"

"Namba sikuigusa," alisema, na nikaona anaomba. "Ningeweza kuhesabu upya, kumi na tano iwe kumi na nne, na asingejua mtu. Niliacha nafasi. Kila nilipokifungua kitabu kile nilipaona."

"Unataka tukupigie makofi? Ulichimba shimo ukasahau kulifukia, ndiyo wema wenyewe huo?" Nilimtupia fomu. "Saini. Kwamba uliuruka mstari, na unaujua, na uliyemruka ni shangazi yako."

Alitikisa kichwa. "Nikisaini hapa, nitakuwa nimeandika kwamba miaka yangu arobaini ni ya uongo. Na baba yangu amelala kaburini, hawezi kujitetea. Omba kitu kingine. Gata nitalihamisha leo hii."

Ningemfanya nini sijui. Najua nilikuwa nimeshashika ule ubao wake. Lakini watu walikuwa wakigeuka mmoja baada ya mwingine kutazama nyuma yangu, na mimi nikageuka.

Mama alikuwa amesimama nje. Hakuwa na kanga begani wala viatu. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya Karani, akakaa juu ya ngazi hiyo kama iko kwake.

"Nimesikia yote," alisema. "Mna kelele. Sasa niambie wewe, si huyu, huyu ana hasira. Mama yangu alipokwenda kwa baba yangu, kwa nini hakwenda mbali? Kwa nini ukuta kwa ukuta na watu waliomkana?"

Karani alitazama mikono yake. "Ni kwa ajili ya bibi yangu. Mama yake. Fundi viatu alitafuta chumba hapa ili mkewe asikie sauti ya mama yake uani. Kuonana walikatazwa. Bibi alikuwa anasubiri wanaume watoke, halafu anapanda kigoda, anapitisha maziwa juu ya ukuta. Hata shangazi alipokufa hakuacha. Maziwa yakawa yako. Mimi nilikuwa namshikia kigoda asianguke."

Mama aliinua mkono wake mwenyewe, akaushika kifundoni.

"Mkono wenye bangili mbili za shaba," Mama alisema.

"Mbili, ndiyo."

"Bakuli la bati, la moto. Kila asubuhi. Sikuwahi kuuona uso, mkono tu. Nilijua ni jirani mwema. Nilikuwa nambusu vidole. Kumbe ni bibi yangu. Na wewe uko chini yake, umeshika kigoda, unajua mimi ni nani. Umekua unajua. Umezeeka unajua. Ukasimama mbele za watu ukatuita wa kuokotwa."

Karani aliinama, akaiokota kalamu yake.

"Mimi ni nani kwako?" Mama akauliza.

"Dada," alisema chini kwa chini.

"Mtaa haujasikia. Lile lingine walilisikia wote."

"Dada yangu!" Akapandisha sauti. "Dada yangu mkubwa. Binti wa shangazi yangu."

"Basi dada yako mkubwa anakwambia usaini."

Alisaini. Aliweka fomu juu ya ule ubao, juu ya tangazo lake, akaandika kwanza namba mia mbili na kumi na nne, kisha jina la Bibi, kisha la baba yake na la mama yake, kisha maelezo: *pacha wa pili*. Sahihi ikawa ya mwisho. Mama hakujua kusoma haraka, akaishika karatasi karibu na macho, akalifuata jina la mama yake kwa ukucha, herufi moja moja, mpaka mwisho. Nikaichukua kabla machozi hayajaidondokea.

Niseme ukweli, hasira yangu haikwenda popote. Mimi nilitaka atambae. Nilitaka awekewe tangazo lake mwenyewe kwenye kila ukuta, kwa mwandiko ule ule mzuri. Na alipoinuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akashika njia ya kuingia kwake bila kuaga, nilivuta pumzi nimpe za kumsindikiza.

Mama alinishika gauni akanivuta chini.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza Karani.

"Ndani. Nawaachia nafasi."

"Nafasi umeshaziacha za kutosha. Sijamaliza na wewe, nina miaka sabini ya kukugombeza, na siwezi kumgombeza mtu mwenye njaa." Aliinuka kwa kunishika bega, akanisukuma niende mbele nikatoe sahani, ile ya wageni, na mimi nikaenda, nimenuna, nikisikia miguu yake mitupu ikivuka uchochoro na sauti yake ikipanda, mtaa mzima usikie. "Njoo huku, mdogo wangu. Chakula kiko mezani. Ingia ule."